Barua ya wazi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania: watoto wa Mtera wasome dini zote katika darasa moja

Kwa Mkurugenzi Mkuu na wakuza mitaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na kwa mabaraza ya dini yanayoshiriki kuandaa mihtasari ya masomo ya dini.

Waheshimiwa,

Barua hii inahusu kipindi kimoja katika ratiba ya shule za Tanzania, nacho ni kipindi cha dini, na imeandikwa kwa kuwatazama watoto wa Mtera, kata ya Wilaya ya Mpwapwa iliyo mpakani mwa Mkoa wa Dodoma na Mkoa wa Iringa, ingawa linalosemwa humu linazihusu shule za nchi nzima. Kipindi hicho kinapofika, darasa lililokaa pamoja tangu kengele ya asubuhi hugawanyika: Wakatoliki hubaki na katekista wao, Waanglikana na Walutheri humfuata mwinjilisti chini ya mti, Waislamu huenda na ustadhi upande wa pili wa jengo, na mtoto ambaye mwalimu wa dini yake hakufika, au ambaye nyumbani kwao hapana dini nyingine zaidi ya mila za wazee, mara nyingi hujibanza katika kundi lolote lililo karibu au hupewa ufagio akafagie uwanja. Kipindi kikiisha wote hurudi kwenye madawati yao na kuendelea kusoma pamoja habari za mmeng'enyo wa chakula, ramani na Vita vya Majimaji, lakini hakuna miongoni mwao aliyefundishwa hata neno moja kuhusu kile ambacho jirani yake wa dawati alikuwa akijifunza muda ule.

Linaloombwa hapa ni kwamba Taasisi ianzishe, sambamba na mafundisho hayo ya kila dhehebu na bila kuyaondoa, somo ambalo watoto wote watalisoma pamoja kuhusu dini za watu wote. Ili ombi hili lisieleweke vibaya, inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huitwa kwa jina moja. Mafundisho ya imani ni malezi ya mtoto ndani ya dini ya wazazi wake, yanayotolewa na katekisimu, shule ya Jumapili au madrasa, na lengo lake ni kumfanya muumini bora. Taaluma ya dini ni elimu inayozichunguza dini kama sehemu ya maisha ya binadamu: zilianzaje, zinafundisha nini kwa maneno ya waumini wenyewe, zinaadhimisha nini na kwa nini, zinaiongozaje ndoa, mirathi, kilimo na siasa, na hubadilikaje zinapokutana na nyingine. Anayesoma taaluma hii haombwi kuamini wala kuacha kuamini. Anaombwa kuelewa, na kazi hiyo haina budi kufanywa na mwalimu aliyefunzwa, kwa sababu kumweleza mtu mwingine kwa namna ambayo yeye mwenyewe angekubali kwamba ameelezwa kwa haki ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Mtera ni mahali panapofaa kuanzia, na sababu yake ni maji. Bwawa lililojengwa hapo miaka ya 1970, ambamo huingia maji ya mto Ruaha Mkuu na ya mto Kisigo, lilikusudiwa kwanza kuhifadhi maji kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, na baadaye, mwaka 1988, likapata mitambo yake lenyewe ya megawati 80. Kwa miaka mingi taa za Dar es Salaam zilitegemea mvua iliyonyesha katika nyanda hizi, na nchi nzima iliuona utegemezi huo katika ukame wa mwaka 2006, kina cha bwawa kiliposhuka na mgawo wa umeme ukaanza. Bwawa hilohilo liliwavuta wavuvi wa perege na kambale kutoka mikoa ya mbali, wakafuatwa na wafugaji na wachuuzi, hata makazi ya kandokando yake yakawa na makanisa ya madhehebu mengi, misikiti, na waganga wanaoheshimiwa kimyakimya, vyote katika eneo ambalo mtu huweza kulizunguka kwa miguu kabla ya jua kuwa kali.

Hata hivyo suala la mvua na ibada lilikuwapo Ugogo, nchi ya Wagogo katika Mkoa wa Dodoma, muda mrefu kabla ya mashine hizo. Mtaalamu wa anthropolojia, yaani elimu ya jamii za watu na desturi zao, Peter Rigby, aliyeishi kati ya Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi nchi yao ilivyogawanyika katika maeneo ya kiibada yenye mipaka inayojulikana, kila moja likiwa chini ya ukoo uliotunza kigoda na mawe ya mvua, na mtemi wake akiwa zaidi mlinzi wa afya ya ardhi, mazao na mifugo kuliko mtawala mwenye askari. Aliandika pia juu ya ibada ambayo kila mwanafunzi wa sosholojia angepaswa kuijua: janga likiwapata ng'ombe, wanawake huchukua mavazi, fimbo na kazi za wanaume, huwaswaga ng'ombe malishoni, kisha hucheza kwa nguvu na kwenda kuutupa uchafu wa janga upande wa machweo, nje ya mipaka ya eneo. Mtu asiyefunzwa huona hapo vituko au ushirikina. Aliyefunzwa huona jamii inayosema, kwa miili ya watu wake, kwamba mambo yamekwenda kinyume, na kwamba kwa kuugeuza utaratibu kwa makusudi huweza kuurudisha mahali pake. Maelezo hayo si lazima yamridhishe kila mtu, na mchungaji au sheikh ana haki ya kusema kwamba kwa imani yake ibada hiyo haifai, lakini haiwezekani kuikataa vizuri bila kujua kwanza ilikuwa inafanya nini.

Kaskazini zaidi katika mkoa huohuo, kwenye miamba ya Kondoa, jambo hili linaonekana kwa macho. Michoro ya miambani ya huko iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya shirika la UNESCO, na mojawapo ya mapango yake, Mungomi wa Kolo, hadi leo ni mahali pa kuombea mvua na uponyaji, ambapo wenyeji hupika pombe, huchinja mbuzi na kuomba. Mhifadhi wa mambo ya kale anaogopa kwamba pombe na mafuta yakirushwa ukutani yataiharibu michoro ya maelfu ya miaka. Mzee wa mila anaona kwamba mahali hapo hapajawahi kuwa makumbusho, na kwamba kukatazwa kwa ibada ndiko kutakakoliharibu pango. Miongoni mwa Warangi wa eneo hilo wengi ni Waislamu, na ibada ya pangoni haijafutwa na ukweli huo. Kijana wa Kondoa anayehitimu kidato cha nne leo anaweza kufaulu Elimu ya Dini ya Kiislamu au Maarifa ya Biblia kwa alama za juu na bado akakosa maneno ya kumweleza mtalii, au kujieleza mwenyewe, ni nini kinachofanyika katika mlima alikozaliwa.

Pengo hili linajitokeza hata ndani ya masomo yaliyopo. Vita vya Majimaji hufundishwa katika historia kama upinzani dhidi ya Wajerumani, na hilo ni kweli, lakini Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya dawa na kunyongwa mwaka 1905, alikuwa kwanza mtu wa dini: alisemekana kupandwa na pepo aliyeitwa Hongo, na maji yake yalihusishwa na madhabahu ya Bokero kwenye mto Rufiji, mto uleule unaopokea maji ya Ruaha yanayopita Mtera. Mwalimu wa historia huwaambia wanafunzi kwamba watu waliamini risasi zitageuka maji, darasa hucheka, na somo linasonga mbele. Kwa nini makabila mengi yaliyotengana kwa lugha na hata kwa uadui yalikubali dawa moja kwa wakati mmoja, na kwa nini ni imani, wala si mkutano wa kisiasa, iliyoweza kuwaunganisha, ni maswali ya taaluma ya dini, na mtoto anayeyakosa huwa amesoma nusu ya vita hivyo.

Uwanda wa kati una pia kumbukumbu nyingine, ya dini zilizokuja kwa miguu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na kuvuka Ugogo, ambako watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kutumia maji, na kwa njia hiyo Uislamu ukafika na wafanyabiashara na wapagazi. Katika miaka ya 1870 wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS wakafungua kituo Mpwapwa, nao walikuwa wakipita katika njia ileile. Matunda ya kukutana huko hayakuwa ugomvi peke yake. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 Ihumwa karibu na Dodoma, alikuwa Mgogo na Mkristo, aliandika kitabu cha historia na mila za Wagogo, akawa miongoni mwa viongozi wa chama cha washairi cha UKUTA, na akazitunga habari za Injili na Zaburi kwa bahari ya utenzi, ambayo kwa karne kadhaa ilikuwa imekuzwa na washairi Waislamu wa pwani katika kusimulia maisha ya Mtume na vita vya Uislamu. Katika mtu huyo mmoja mila ya Ugogo, Biblia na sanaa ya Waislamu wa pwani zilikaa pamoja bila yeyote kumlazimisha kuchagua. Inasikitisha kwamba jina lake hutajwa katika somo la fasihi kwa ajili ya ngonjera, na upande huu wa kazi yake ukapitwa kimya.

Haiwezi kusemwa kwamba katika Kiswahili hakuna waliowahi kuchunguza dini za wenzao. Tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili iliyochapishwa, ya mwaka 1923, ilifanywa na Godfrey Dale, padri wa Kianglikana. Ya pili, ya mwaka 1953, ilitolewa na jumuiya ya Ahmadiyya chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Na mwaka 1969 ikatoka ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar, ambaye pamoja na mambo mengine alitaka kuwajibu waliomtangulia. Kila mmoja wa watu hao alisoma kwa bidii kitabu au hoja za upande wa pili, na Kiswahili kilinufaika sana. Lakini walisoma katika ushindani, na roho hiyohiyo iliingia katika mihadhara ya hadhara iliyoenea mijini tangu miaka ya 1980, ambapo mhubiri wa upande mmoja alipanda jukwaani na kitabu cha upande wa pili ili kukionyesha kuwa kinajipinga. Asomaye ili ashinde hutafuta mistari inayomfaa na kuiacha mingine. Kwa vijana wengi wa Tanzania mihadhara hiyo, na sasa vipande vyake vinavyosambaa katika simu, ndiyo darasa pekee la dini linganishi walilowahi kuhudhuria, na hilo ni jambo ambalo Taasisi haipaswi kulitazama kwa utulivu.

Uangalifu wa dola unaeleweka. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu kuamini na inaziweka shughuli za kuendesha jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza wananchi dini zao. Na shule za misheni zilipotaifishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kusudi mojawapo lilikuwa kuhakikisha kwamba mtoto hakosi nafasi kwa sababu ya dini. Uamuzi huo uliisaidia nchi hii, na barua hii haiukosoi. Kinachokosolewa ni mazoea yaliyoota pembeni yake, kwamba kutokuwa na dini kwa serikali kumechukuliwa kuwa ni kutozungumza kuhusu dini kabisa, kana kwamba jambo lisilosemwa darasani halitasemwa popote.

Linasemwa, tena kwa gharama. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, mzozo kuhusu nani mwenye haki ya kuchinja mnyama ambaye nyama yake inauzwa kwa watu wote ulifikia mauaji ya mchungaji. Katika minada ya mifugo ya Dodoma desturi ya kumwachia Mwislamu achinje, ili kila mwenye njaa aweze kula bila wasiwasi, imekubalika kwa miaka mingi, na mchoma nyama Mkristo huifuata bila kuona kwamba amepungukiwa. Lakini wangapi kati ya wanaokaa kwenye benchi hilo la mnadani wanajua kwa nini kwa Mwislamu jina la Mungu hutajwa kabla ya kisu, au kwa nini kwa Mkristo wa madhehebu fulani kulazimishwa kula kilichochinjwa kwa ibada ya mwingine kuliibua maswali tangu siku za mitume? Desturi njema isiyojulikana sababu yake hulindwa na mazoea tu, na mchochezi mmoja akitokea haina wa kuitetea.

Mfano wa mahakamani ni mkavu zaidi lakini humgusa kila mjane. Mtu akifariki bila wosia, mahakama ya Tanzania huangalia namna marehemu alivyoishi ili kuamua kama mirathi yake igawanywe kwa sheria za kimila, kwa sheria ya Kiislamu, au kwa Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, iliyorithiwa kutoka utawala wa Waingereza. Mvuvi wa Mtera anaweza kuwa alisilimu kwa ajili ya ndoa, akazikwa na ukoo kwa taratibu za Kigogo, na kuacha watoto waliobatizwa. Karani, mzee wa baraza na ndugu wa marehemu wanaokaa kuamua maisha yake yalikuwa ya namna gani wanafanya kazi ya taaluma ya dini bila kufundishwa chochote.

Nchi nyingine za Afrika zimejaribu njia mbalimbali. Kenya ina masomo ya dini yanayotahiniwa, ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, lakini kila mwanafunzi husoma la kwake, hivyo mgawanyiko wa chini ya mti hubaki palepale, ukiwa na vitabu vizuri zaidi. Tangu mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu waliohimizwa kufunga hadi kufa, Wakenya wengi wameuliza raia afundishwe nini ili atambue mapema kiongozi wa dini anayewatenga watu na ndugu zao, hospitali na shule. Hakuna somo linaloweza kuahidi kinga dhidi ya msiba wa aina hiyo, lakini mtu aliyezoea kuuliza mamlaka ya mhubiri yametoka wapi, na jumuiya nyingine huwadhibiti vipi wahubiri wao, ana pa kuanzia. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi: sera yake ya mwaka 2003 kuhusu dini na elimu, iliyotolewa wakati Kader Asmal akiwa waziri, ilitenganisha waziwazi elimu kuhusu dini, ambayo ni kazi ya shule kwa wanafunzi wote, na mafundisho ya imani, ambayo ni kazi ya familia na jumuiya za dini. Dini za jadi za Kiafrika ziliwekwa humo pamoja na nyingine.

Pingamizi zipo, na mbili zinastahili heshima kamili. Ya kwanza ni hofu ya wazazi kwamba mtoto atachanganyikiwa. Hofu hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama mtoto wa Mtera angekuwa anaishi mbali na dini nyingine; kwa kuwa anacheza, anahudhuria misiba na huenda ataoa au kuolewa katikati yake, swali lililobaki ni kama atazijua kwa mwalimu au kwa uvumi. Ya pili hutoka kwa viongozi wa dini wanaohofia kwamba kuziweka imani zote katika kitabu kimoja ni kusema kwamba zote ni sawa. Kitabu cha aina hii hakina mamlaka ya kusema hivyo, wala ya kusema kinyume chake, na njia ya kuhakikisha kwamba hakivuki mpaka huo ni kuwaweka wenye dini wenyewe katika meza ya uandishi, kila sura isomwe na kuidhinishwa na wale inaowaeleza. Hapa ndipo panapohitajika ujasiri, kwa kuwa sura ya mila za Ugogo haina baraza la kitaifa la kuisemea. Haina baraza kama BAKWATA la Waislamu wala Baraza la Maaskofu, na itabidi wakuza mitaala wawaendee wazee wanaozijua ibada za mvua huko waliko.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na huo ndio mlango ulio wazi. Taasisi inaombwa kutenga ndani yake mada ya dini na jamii kwa darasa la tano na la sita na kwa sekondari, inayofundishwa kwa watoto wote wakiwa wamekaa pamoja, isiyomtaka mtoto aseme dini yake katika mtihani. Inaombwa pia kwamba vyuo vya ualimu viwaandae walimu wa mada hiyo kwa kuvitumia vyuo vikuu vilivyopo Dodoma, Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, na kwa kuwaalika wasomi wa Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kwa maana Morogoro si mbali. Na kabla ya kuipeleka nchi nzima, mada hiyo ijaribiwe katika shule chache za pande zote mbili za bwawa, Mpwapwa na Iringa, kwa muda usiopungua mwaka mmoja wa masomo, ili msimu wa kusubiri mvua na mwezi wa Ramadhani, Krismasi na Pasaka vyote viingie ndani ya jaribio, na makatekista, wainjilisti, maustadhi na wazee wa mila waalikwe kulitazama darasa hilo likifundishwa, kisha waulizwe mbele ya wazazi kama yaliyosemwa juu ya dini zao yalikuwa ya kweli.